Risasi Isiyo na Mshindo

Mwezi wa Shaabani nilikwenda bara kuhudhuria arusi ya mtoto wa rafiki yangu mjini Mumias. Nyumba ya arusi ilikuwa imefurika wageni, basi nikapelekwa kulala Kakamega kwa mjomba wake bwana arusi, mwalimu mstaafu wa hisabati. Ni mtu mpole, maneno yake machache, na mapenzi yake makubwa ni kuvua samaki kwa ndoana. Wenziwe wakistaafu hufuga kuku. Yeye hushuka mto Isiukhu, au akipata gari hufika hata Nzoia, akarudi magharibi na kambare wawili watatu na furaha ya mtu aliyeokota lulu.

Asubuhi ya pili, baada ya kunywa chai, aliniita uani.

"Shekhe, wewe ni mtu wa pwani," akaniambia, "njoo uone kitu chenu."

Akafunua kitambaa kilichoiva mafuta, akatoa chombo cha shaba kilichokuwa cheusi kwa ukale. Umbo lake kama koleo ndogo: mikono miwili, na kichwani taya mbili zenye kukutana, kila taya imechimbwa shimo la nusu mviringo. Ukizifumba taya, yale mashimo mawili huwa uwazi mmoja wa duara kamili, na juu yake mlango mwembamba kama tundu la sikio.

Sikuhitaji kuambiwa. Kitu cha namna ile nilikiona ndani ya kasha la ami yangu huko Lamu, nami ni mtoto wa chuoni, nikadhani ni cha kuvunjia popoo. Ami alinicheka mpaka akakohoa. Ilikuwa kalibu ya risasi, ya kusubia vigololi vya gobore.

"Hii ilikuwa ya babu yake baba yangu," akasema mwalimu. "Alikuja na msafara kutoka Mombasa. Akaoa kwa Wawanga, hakurudi tena."

Ewe msomaji, huenda ukashangaa kuona kalibu ya Mswahili imezeekea Kakamega. Lakini Mumias, iliyo katika wilaya hizo hizo na leo ni sehemu ya Kaunti ya Kakamega, ilikuwa kituo kikubwa cha misafara yetu kabla Mzungu hajaijua njia. Joseph Thomson alipowasili huko mwaka 1883 aliwakuta Waswahili wamekwisha kuizoea. Mahali penyewe wakipaita Kwa Sundu, kwa jina la Nabongo Shiundu, baba yake Nabongo Mumia, yule aliyekuja kufariki mwaka 1949. Watu wa pwani walifuata pembe za ndovu, wakaacha lugha, mapishi na dini. Baadhi ya jamaa wa ukoo wa Mumia wakasilimu, na mpaka hivi leo adhana ya Mumias ukiisikia kwa mbali utadhani uko kwenu.

Wakaacha na bunduki pia. Silaha ya misafara ilikuwa gobore: unamimina baruti kwa mdomo wa mtutu, unatia kitambaa au nyuzi, unatia kigololi cha risasi, unashindilia kwa mchi, kisha unaweka fataki na kuomba Mungu. Ni kazi ndefu, na simba hangoji. Lakini gobore lilikuwa na jambo moja ambalo bunduki za baadaye hazikuwa nalo. Mwenye gobore, kalibu na kipande cha risasi alijitengenezea chakula cha bunduki yake mwenyewe, jioni, penye moto ule ule wa kupikia ugali. Zilipokuja bunduki za kujazwa nyuma, kama zile za Snider na Martini, mambo yakageuka. Zile zinataka fashaka ya kiwandani, na ukiishiwa na fashaka unabaki na rungu la bei ghali. Mataifa ya Ulaya yalilijua hilo vizuri. Katika Mkataba wa Brussels wa mwaka 1890 walizuia bunduki za kisasa zisiingizwe Afrika, lakini wakaacha mwanya, kwa masharti, kwa yale magobore ya kizamani. Mwaka 1895 Mwingereza Hobley, aliyekuwa na kituo chake hapo Mumias, aliwapiga Wabukusu katika ngome zao za Lumboka na Chetambe. Bunduki walikuwa nazo Wabukusu, lakini Hobley alikuwa na mzinga wa Maxim. Kalibu za shaba hazikuwa na la kusema tena.

Basi kalibu ya babu yake mwalimu ikalala kwenye sanduku miaka mingi, mpaka alipostaafu akaiamsha. Si kwa ajili ya bunduki. Bunduki hana, na hataki. Uwindaji wa wanyama nchini Kenya ulipigwa marufuku mwaka 1977, na Sheria ya Silaha, Sura ya 114, imeweka bunduki pamoja na zana zake zote chini ya leseni. Si jambo la mtu kujijaribia uani kwake. Yeye anasubu chubwi za mshipi. Kabla ya kumimina anapitisha kipande cha waya katikati ya taya, na risasi ikiganda hutoka ina kishikizo chake tayari. Kigololi kilichoundwa kumwangusha tembo sasa kinamzamishia ndoana kambare. Nikamwambia hilo ni beti la shairi. Akacheka kwa adabu, kama wanavyocheka watu wa hisabati.

Nikamwuliza ni nani aliyemfundisha. Akasema hakuna, alijifunza kwa kuharibu. Akaniwekea jiko la makaa chini ya mwembe, akaniketisha kwenye kigoda, nami nikaiona kazi yote.

Risasi ni madini mepesi kutii. Chuma kinataka mvukuto na jasho la watu wawili. Shaba nayo ina kiburi chake. Risasi huyeyuka kwenye nyuzi 327 tu za sentigredi, moto ambao jiko la kawaida la makaa hauushindi. Mwalimu aliweka vipande ndani ya karai la chuma, na baada ya kitambo vikaanza kulegea kama samli, vikawa kidimbwi kinachong'aa kama kioo. Kisha juu pakatanda utando wenye rangi za kinyonga: zambarau, dhahabu, buluu. Akatupa kipande cha mshumaa. Moshi ukapanda, akawasha kiberiti ukashika moto, akakoroga kwa upawa. Uchafu wote ukapanda juu, unga wa kijivu, akauengua na kuumwaga kando ya shina la mwembe.

Kisha akaichovya pembe ya kalibu ndani ya ule moto, ipate joto. "Hili ndilo lililonitesa mwaka mzima," akasema. "Kalibu ikiwa baridi, risasi huganda kabla haijaenea. Inatoka na makunyanzi kama uso wa mzee." Na kweli, chubwi nne za mwanzo zilitoka zimekunjamana, akazirudisha karaini bila huzuni. Ya tano ikatoka laini kama yai la njiwa. Akaendelea, tak, tak, kila mara akikata kikonyo kinachobaki pale mlangoni, mpaka moto ulipozidi na zikaanza kutoka na rangi ya ukungu. Hapo akapumzisha. Alikuwa na kovu mkononi, umbo la shilingi. Siku moja mvua ilinyunyiza, tone moja likaingia karaini, likageuka mvuke kwa ghafla na kuirusha risasi kama fataki. Tangu siku hiyo hufanya kazi akiwa amevaa miwani, na mbingu zikiwa safi.

Nilimwambia kwamba ana ndugu zake wengi asiowajua. Marekani wako watu kwa maelfu ambao Jumamosi yao ni hii: kusubu risasi za bunduki zao wenyewe katika vibanda vya nyuma ya nyumba. Huko ni halali, na wamelifanya jambo hili kuwa elimu kamili. Chama chao kimekuwako tangu 1976. Hubishana juu ya kiasi cha stani na antimoni cha kuchanganya, kwa kuwa risasi tupu ni laini mno kwa bunduki za kisasa na huacha uchafu mtutuni. Wengine huchimbua risasi zilizopigwa kwenye tuta la kulengea shabaha, wakaziyeyusha, wakazipiga tena. Nao pia hujifunza kama mwalimu alivyojifunza, kwa makunyanzi na ukungu. Kila mmoja wao anakijua kile kikonyo, na karibu kila mmoja ana kovu lake.

Zile ndogo ndogo za kupigia ndege, ambazo sisi tunaziita marisau, zina hadithi yake. William Watts, fundi wa mabomba wa Bristol, Uingereza, alipata hati ya haki yake mwaka 1782 kwa ugunduzi wa ajabu: mimina risasi iliyoyeyuka kwenye chekecheo juu ya mnara, na matone yatajiviringa yenyewe hewani kabla ya kuanguka kwenye maji chini. Hana kalibu wala koleo. Alizifanyia kazi mvua na hewa. Nampenda mtu huyo.

Katika mazungumzo hayo nikaanza, kama ada yangu, kulichambua neno. Kiswahili kimeridhika kuita kwa neno moja, risasi, yale madini na kile kipande kinachotoka mtutuni. Waarabu waliotupa neno nao wamefanya karibu vivyo hivyo. Tukaongeza na kalamu ya risasi, ambayo haina risasi hata chembe, ni grafaiti na udongo wa mfinyanzi. Hata wale waliosoma chuoni watakumbuka neno marsuus katika Surat As-Saff, la safu iliyoshikamana kama jengo, na baadhi ya wafasiri wamelirejesha kwenye risasi, kana kwamba mawe yameunganishwa kwa risasi iliyomiminwa. Mwalimu alisikiliza kwa furaha.

Hapo ndipo akatokea mjukuu wake, kijana wa miaka minne, amevaa shati tupu, kachuchumaa kando ya kikapu cha chubwi zilizopoa. "Kuka, nipe moja," akamwambia babu yake. Akapewa. Akaigeuza mkononi, akaitia mdomoni kama peremende.

Hakuna aliyeshtuka ila mimi. Mama mwenye nyumba alitoka wakati ule ule, akauchukua upawa, akausuuza kwa maji, akaingia nao jikoni. Kuku walikuwa wanapekua chini ya mwembe, pale palipomwagwa ule unga wa kijivu.

Mimi ni mgeni, tena nimelishwa na kulazwa. Mgeni kwetu hamfundishi mwenyeji nyumba yake. Lakini nimekaa Mombasa miaka mingi, na jambo hili nalijua kwa sababu ambayo kila mtu wa Mombasa angepaswa kuijua.

Katika kitongoji cha Owino Uhuru, tangu 2007 mpaka 2014, palikuwa na kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu za magari ili kupata risasi. Moshi uliingia majumbani, maji machafu yakapita vichochoroni, watoto wakacheza humo. Bi Phyllis Omido, aliyekuwa ameajiriwa hapo, alimpima mwanawe mchanga akaambiwa ana risasi mwilini. Akaacha kazi, akapiga kelele, akatiwa ndani, akatoka akaendelea kupiga kelele. Mwaka 2015 akatunukiwa Tuzo ya Goldman ya mazingira. Julai 2020 mahakama ya Mombasa iliamuru wakaazi walipwe shilingi bilioni 1.3. Mahakama ya Rufani ikaitengua amri hiyo mwaka 2023, na Disemba 2024 Mahakama ya Juu ikairejesha. Waliozikwa katika muda huo wote hawakungoja hukumu.

Mwili wa binadamu hauna kazi yoyote ya risasi. Ikiingia, mwili huidhania kuwa chokaa ya mifupa, ukaihifadhi humo miaka na miaka, na mama akichukua mimba hutoka mifupani ikamfikia mtoto. Kwa mtu mzima huleta shinikizo la damu na maradhi ya figo. Kwa mtoto huenda kichwani: akili hupungua, mafunzo huwa mazito, hasira huwa nyepesi. Mtoto mdogo hufyonza mara 4 hadi 5 ya kile anachofyonza mkubwa kwa kiasi kile kile alichomeza. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango kinachojulikana kuwa salama. Na mwaka 2021 liliagiza kwamba mtu akionekana na mikrogramu 5 katika desilita moja ya damu, itafutwe inakotoka na iondoshwe. Wala si moshi peke yake. Katika joto la kusubu, hatari kubwa ni vumbi na ule unga wa kijivu, unaoshika vidole, nguo, na kila kitu kinachokwenda mdomoni. Wale Wamarekani wazoefu huwaonya wanafunzi wao: usile wala usivute sigara hapo, nawa kabla hujamgusa mtoto, chombo cha risasi kisirudi jikoni milele, na damu yako ipimwe.

Niliyasema hayo baada ya sala ya Magharibi, tukiwa wawili barazani. Sikuanza na mjukuu. Nilianza na ami yangu, ambaye alisubu chubwi ndani ya nyumba, dirisha limefungwa kwa ajili ya upepo wa kaskazi, nasi watoto tumemzunguka kama nzi kwenye tende, tukigombea vikonyo ili tuvitafune. Vilikuwa laini, vikipokea alama za meno. Ami alipokuwa mzee mikono ilimtetemeka akashindwa hata kutunga uzi kwenye ndoana.

Mwalimu alinyamaza kitambo kirefu. Kisha akauliza swali la mtu wa hisabati. "Mikrogramu tano. Ni kiasi gani hicho, kwa macho?"

Nikamwambia kwa macho hakionekani.

"Mimi nimesubu miaka kumi na mmoja," akasema. "Zamani nilitumia vile vipande vinavyopigiliwa kwenye magurudumu kuyasawazisha, nikipewa na gereji. Sasa vingi ni vya zinki na chuma. Zinki ikiingia karaini inaharibu kila kitu. Kwa hivyo siku hizi nanunua risasi kwa vijana wanaovunja betri."

Nikajikuta sina la kusema. Risasi ya betri ndiyo mbaya zaidi, ina asidi na ule unga uliokwisha kuliwa, na wazoefu wote wanaikimbia. Na hapo Kakamega hilo si geni. Watu wanaochimba dhahabu huko Rosterman na Ikolomani, katika mabaki ya ile fujo ya dhahabu ya miaka ya 1930, huishika zebaki kwa viganja vitupu, kisha wakaichoma ili dhahabu ibaki. Kila mmoja anaona dhahabu. Zebaki imekwenda na upepo, nani ataiona?

Hata sisi wa pwani tusijione tuko mbali. Wanja tunaompaka mtoto machoni siku ya arubaini, ule wa kusagwa unaouzwa kwenye vichupa bila jina, mara nyingi umepimwa ukaonekana si antimoni bali ni madini ya risasi yenyewe. Najua jambo hili litawakera baadhi ya mabibi. Mimi mwenyewe nilipakwa, na nilipendeza.

Mwalimu aliinuka bila kuniaga. Nikasikia kelele jikoni, sauti ya mkewe ikiuliza, kisha akarudi na upawa. Akauweka sakafuni kati yetu. Tukaketi tukiutazama, mpaka ikaadhiniwa Ishaa.

Baada ya mwezi mmoja alinipigia simu. Alikuwa amempeleka mjukuu hospitali. Kumshawishi daktari kwamba mtoto mwenye afya apimwe risasi kulimchukua siku mbili, na damu ililazimika kupelekwa Nairobi. Majibu yalizidi ile tano. Wameambiwa wasimpe dawa bali waondoe chanzo, mtoto alishwe vyakula vyenye chuma na chokaa, arudi baada ya miezi mitatu. Mwalimu amechimba udongo wa chini ya mwembe akautia ndani ya mapipa, na sasa hajui ayapeleke wapi mapipa hayo. Ofisi aliyoiendea imemwambia arudi wiki ijayo, mara tatu. Kuku wamechinjwa, lakini hawakuliwa.

"Na kalibu?" nikamwuliza.

Kalibu ameisugua, akaipaka mafuta, akaitundika ukutani barazani juu, mtoto asipoifikia. Mshipi wake sasa anaufunga vijiwe vya mtoni, kila kimoja amekichagua kwa uzito na kukichonga mfereji wa kupitishia uzi. Kazi hiyo ni ya saa nzima kwa kijiwe kimoja. Kambare, asema, hawajatambua tofauti.